Karani wa dirisha la pili ameniuliza kama nina uhakika kwamba mimi ni mkulima

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado nimevaa gamibuti, nazo zina tope la shamba lile lile ambalo karani wa dirisha la pili, pale ghala la mbolea ya ruzuku, amelitilia shaka leo. Simtaji jina kwa sababu hakuna mkulima wa kaunti hii asiyemjua: ni yule ambaye kikombe chake cha chai hakijawahi kuisha tangu serikali ianze kutoa mbolea ya ruzuku.

Niliondoka nyumbani saa kumi za usiku, nikapanga foleni nikiwa wa 74, pesa za magunia sita ya mbolea ya kupandia zikiwa tayari kwenye simu, kwa bei ya shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50. Saa nane mchana nikafika dirishani. Alisoma kitambulisho changu, akatazama kompyuta, akanywa chai, akatazama tena, kisha akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba kwenye sajili mimi ninalima chai, na kwa hiyo mbolea ya mahindi hainihusu. Chai! Mimi chai ninaiona kikombeni tu, na leo niliiona kikombeni mwake. Nilipomweleza kwamba mwaka 2023 nilisajiliwa kwa chifu kama mkulima wa mahindi, ekari tatu, ndipo aliponiuliza: "Mzee, una uhakika wewe ni mkulima?"

Makosa ya kompyuta ninayasamehe, maana hata chifu huniita kwa jina la marehemu kaka yangu. Lakini una uhakika? Viganja vyangu vimepasuka kama udongo wa Januari, nanuka samadi kiasi kwamba foleni iliniachia nafasi bila kuombwa, halafu mtu ananiuliza kama nina uhakika, tena bila hata kuweka kikombe chini!

Ekari_Moja: Mzee, nimesoma uzi wote na sijaona mahali ulipomjibu. Je, una uhakika?

MamaWimbi: Shukuru umetukanwa tu. Mwaka 2024, wakati wa ule mkasa wa mbolea bandia uliofikisha Bungeni hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo, mimi nilihudumiwa kwa heshima zote, nikaitwa mama, nikabebewa magunia hadi kwenye gari, kisha mahindi yangu yakaota yakiwa ya manjano kama yaliyougua homa.

Punda_Hachoki: Ninyi mnaolia kuhusu dirisha mna bahati ya kulifikia. Gunia la 2,500 likipakiwa kwenye bodaboda hadi kwetu, kila kidimbwi tunachovuka mwenye pikipiki anaongeza nauli, na nikifika nyumbani ruzuku yote imebaki kwake.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, turudi kwenye swali nililoulizwa. Aliniuliza kikombe kikiwa mkononi.

Ekari_Moja: Ni kile kikombe cha bluu? Basi huyo ni wa dirisha la kwanza, amebadilishwa kiti Jumatatu. Wa dirisha la pili halisi hunywa soda, naye ndiye aliyefunga dirisha nikiwa nimebakiza mtu mmoja mbele yangu.

MamaWimbi: Kumbe na wewe alikufungia? Fungua uzi wako, mimi ninakuja.