Mtoto kakutwa na upungufu wa G6PD, baba yake kapimwa yuko sawa, imetoka wapi?

MamaWawili: Jamani naombeni msaada. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, alipewa dawa flani siku ya tatu akaanza kukojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho manjano, tukakimbia nae hospitali akaongezewa damu. Wamesema ni G6PD, ya kurithi. Sasa mume wangu kapimwa hana, mimi sijawahi kuumwa hivyo, na mama mkwe ashaanza maneno yake ya chini chini.

Kibonge_75: Pole dada. Asile yale maharage ya fava tu, basi.

mtu_wa_maabara: Sio maharage tu mkuu. Pole sana MamaWawili, na mama mkwe mwambie atulie, kipimo cha baba hapo hakihusu kabisa. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama, baba anampa Y. Kwa hiyo imepita kwako, we unazo X mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine inakubeba, ndo maana hujawahi kuugua. Hiyo jeni inatengeneza kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisiunguzwe na kemikali za baadhi ya dawa, na chembe nyekundu haina kinga mbadala, ikizidiwa inapasuka, ndo huo mkojo mweusi. Wasimpe primakwini (dawa ya malaria) wala daposoni (dawa ya ukoma), na zile naftalini za kuwekea nguo zitoeni ndani. Kila mkienda kutibiwa semeni kabla hajaandikiwa dawa.

Nyota_njema: Hata primakwini ndo ilifichua hii kitu, 1956 watafiti waligundua waliokuwa wanapasukwa na damu wakiinywa wana upungufu wa hicho kimeng'enya. Wenye nao duniani ni zaidi ya milioni 400, wengi maeneo ya malaria maana inapunguza makali yake.

MamaWawili: Yaani nimelia hapa. Na dada yake je? Yeye walimpima siku ileile wakasema sawa.

mtu_wa_maabara: Ana nafasi nusu kwa nusu ya kubeba kama wewe, na kwa wasichana wabebaji kipimo cha kawaida kinaweza kumpita kwa sababu chembe zake zingine nzima zingine mbovu, muulizeni daktari kipimo cha jeni. Halafu siku nyingine mtu akipimwa damu ikiwa ndo imetoka kupasuka majibu yanadanganya, chembe zee zimekufa zimebaki changa zenye kimeng'enya kingi, inabidi kurudia baada ya miezi kama mitatu.

MamaWawili: Asante, nampigia mama mkwe sasa hivi 😂