Ali bin al-Hasan wa Kilwa: someni sarafu kwanza, kelele baadaye

Wakuu, mada hii imetuchosha. Kila akitajwa Ali bin al-Hasan, anayesemwa kuwa sultani wa kwanza wa Kishirazi pale Kilwa, huyu anamwaga merikebu saba kutoka Shiraz, Uajemi, kama vile alikuwa bandarini akizihesabu, yule anajibu "hakuwepo, uzushi mtupu". Sarafu hajazigusa hata mmoja.

Habari zake zimo kwenye tarikh ya Kilwa, yenye matoleo mawili, la Kireno la João de Barros lililochapwa 1552 na la Kiarabu ambalo nakala yake ilitoka Unguja enzi za Sultani Barghash. Kisiwa kununuliwa kwa nguo za kukizungushia chote? Ngano hiyo, itupeni. Ila ngano kuwa ngano hakumfuti mtu.

Kinachokera zaidi ni hii "mwaka 1200" inayonakiliwa kila siku kuwa ndiyo enzi yake. Ni makadirio ya mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa akaona tarikh imewatanguliza mno Washirazi kwa kuwaweka karne ya 10. Sawa, kwa ushahidi wa wakati ule. Lakini 1984 ikafukuliwa akiba Mtambwe Mkuu, Pemba: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha na dinari chache za dhahabu, humo humo mna jina la Ali bin al-Hasan. Sarafu zake hazina mwaka, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Upande mmoja jina, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyotungwa yapatane kina na jina hilo, basi. Mwaka unausoma kwenye dhahabu: dinari ya mwisho ni ya 1066. Akiba haikufukiwa kabla ya hapo, na kwa kuwa hakuna dinari ya baadaye, haielekei ilichelewa sana. Kwa hiyo ni karne ya 11. Si ya 10, wala si 1200.

Na nyie wa utafiti wa DNA wa 2023, tulieni. Makaburi ya pwani yameonyesha mchanganyiko na Waajemi ulioanza kama mwaka 1000, wengi wao wanaume. Mfupa hautaji jina la sultani. Sarafu nayo inataja jina bila kusema baba yake alizaliwa Shiraz. Hayo ni maswali mawili, msiyapike chungu kimoja.

Halafu acheni kubandika picha ya Husuni Kubwa, lile gofu la Kilwa, mkisema "jumba la Ali". Lile ni la al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta 1331, zaidi ya miaka 200 baadaye!