Naomba ushauri: kupima mvua inayofika chini ya msitu mchanganyiko

Wakuu, habari zenu. Napima maji ya mvua yanayofika ardhini kwenye msitu wenye misonobari na miti ya majani mapana, mirefu kwa mifupi. Nimetega vipima mvua chini ya matawi, na kimoja mahali pa wazi.

Shida ni kwamba vya chini havikubaliani kabisa. Kilicho karibu na shina la msonobari hupata kidogo, ilhali kingine, penye tawi linalochuruzika, mara nyingine hushinda hata kile cha nje! Manyunyu ndiyo balaa zaidi, karibu yote hubaki majanini na kukaukia huko huko.

Nimejaribu kuvihamisha kila baada ya mvua. Wastani umetulia, ila si wa kuridhisha. Pia nimezungushia mashina mpira uliopasuliwa ili kukinga maji yanayoteremka. Miti ya gome laini hutoa mengi. Ya gome lenye mipasuko haitoi kitu mpaka gome liloe.

Je, vipima nivipange kwa aina ya mti au kwa msongamano wa matawi? Na lita za shinani nizigawanye kwa eneo la mwavuli wa mti husika, au kwa kipande chote cha msitu? Kwamba lita 1 kwa mita 1 ya mraba ni milimita 1 naelewa, eneo ndilo linanitatiza.