Wanachuo wa ualimu wa Kiingereza na simu zao: tuanzie wapi?

Mkufunzi, Morogoro
Ndugu walimu, ninafundisha mbinu za kufundishia Kiingereza katika chuo cha ualimu, na ninaomba ushauri wenu. Wanachuo wangu wana simu janja na huzitumia kwa wepesi unaonishinda. Hata hivyo, nilipowakagua katika mazoezi ya kufundisha, nilikuta andalio la somo linaloagiza kila mwanafunzi afungue kompyuta mpakato yake, ilhali darasani watoto watatu walikuwa wakichangia kitabu kimoja. Andalio hilo lilitoka kwenye programu ya akili mnemba, na mwenyewe hakulisoma hadi mwisho. Je, umahiri wa kidijitali tuuachie somo la kompyuta, au tuuingize ndani ya Kiingereza chenyewe?

Mwalimu wa sekondari, Tabora
Uingizwe ndani ya Kiingereza, mkufunzi. Hata mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, toleo la 2018, unaigusa mitaala na ufundishaji, hauishii kwenye kuwasha mashine. Chuoni nilifundishwa Word na Excel, lakini sikuwahi kuonyeshwa namna ya kumsaidia mtoto kutamka. Kiswahili kina irabu tano tu, ndiyo maana "ship" na "sheep" hututoka kinywani kama neno moja. Mwanachuo ajirekodi kwa simu akiyatamka, asikilize sauti iliyomo katika kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, arudie, kisha alinganishe rekodi yake ya kwanza na ya tano.

Mwanachuo, mwaka wa pili
Shikamooni walimu wangu. Shule niliyopangiwa haikuwa na intaneti, kwa hiyo nilipakua kipindi cha BBC Learning English usiku kwa bando langu, kesho yake nikakichezesha kwa spika ndogo. Kidato cha kwanza hawakuambulia kitu, kwa kuwa mzungumzaji alikwenda kasi. Niliporudia huku nikisimamisha baada ya kila sentensi, mikono ikaanza kunyooshwa. Kukata rekodi ndefu vipande vipande sikufundishwa na mtu, na ndicho nilichokihitaji kuliko vyote.

Mkufunzi, Morogoro
Marahaba, mwanangu, na ahsante mwalimu wa Tabora. Muhula ujao nitaanza na "ship" na "sheep", kisha kukata rekodi. Atakayetumia akili mnemba kuandaa somo ataambatanisha maelezo ya mkono wake kuhusu alichobadilisha na sababu iliyomo darasani mwake. Mwenye zoezi jingine la kusikiliza lisilohitaji mtandao, naomba aliweke hapa.