Vidole vinakufa ganzi usiku: niendelee kufuma au niache?

MamaMwende_Umoja (Jumapili, saa 4:12 usiku)

Hamjambo ndugu zangu. Kuna jambo nimelibeba peke yangu tangu Aprili, na leo naliweka hapa kwa sababu najua humu kuna watu wa kazi za mikono.

Mimi hufuma kwa kroshia. Mama yangu, kule Kangundo, alikuwa mtu wa syondo, vile vikapu vya Kikamba. Alisokota katani pajani mpaka ngozi ya pale ikawa nyororo na ngumu. Nilikua nikimtazama, ila sikuwahi kuushika ule uzi. Alipotuacha mwaka juzi, usingizi ulinikimbia miezi mizima. Usiku mmoja, simu mkononi, nikaangukia video ya mwanamke anafuma kitambaa cha kochi, cheupe, chenye maua pembeni, sawa na vile vilivyokuwa sebuleni kwetu nikiwa msichana. Niliitazama mara nne. Kesho yake nilipotoka kazini nilipitia mjini nikanunua sindano ya milimita 4 na bonge moja la uzi.

Nimejifunza yote kwa simu. Video naipunguza mwendo hadi nusu, naisimamisha, narudi nyuma, naendelea. Nimekosea sana pia. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mmarekani, na maelezo ya sweta niliyoyapata baadaye yalikuwa ya Mwingereza. Hakuna aliyenidokeza kwamba fundo wanaloita dabo ya Mwingereza ndiyo ile ile singo ya Mmarekani, yaani fundo fupi. Mimi nikafuma ndefu kila mahali ilipoandikwa dabo. Sweta ya Mwende ikafika magotini! Nikaifumua yote, nikaanza upya, na hiyo ya pili aliivaa Julai nzima.

Uzi mpya ukinishinda bei, Jumamosi nashuka Gikomba kutafuta sweta za mtumba za kufumua. Kwa wanaotaka kujaribu: igeuze sweta ndani nje kabla hujalipa, uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa na kuzungushiwa uzi mwembamba wa cherehani, irudishe, maana ukifumua utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Unayoitaka ni ile ambayo kila kipande kilifumwa peke yake, vikaunganishwa pembeni kwa mnyororo. Hiyo ukipata ncha unavuta uzi mmoja mrefu mpaka sweta inaisha mkononi. Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uoshe, uutundike na kitu kizito kidogo chini, utanyooka.

Sasa tatizo. Mchana naandika risiti kwenye kompyuta katika duka la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Usiku, watoto wakilala, nafuma saa mbili, siku nyingine tatu. Tangu Aprili naamshwa saa tisa usiku na mkono wa kulia: gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, vinachoma kama vimetoka kwenye barafu. Nakaa kitandani naukung'uta mkono, unatulia, nalala. Wiki iliyopita kikombe cha chai kilinitoka mkononi mbele ya mteja.

Mume wangu anasema niache. Mwenzangu kazini anasema sweta zimejaa Gikomba, najitesa kwa nini. Wananitakia mema. Lakini ile saa ya usiku na uzi ndiyo iliyonirudishia usingizi, na sasa ndiyo inauchukua tena. Kuna aliyepita hapa akaendelea na kazi yake ya mikono? Alifanya nini?

FundiKariobangi (Jumatatu, saa 1:05 asubuhi)

Pole sana Mama Mwende. Mimi nashona nguo, mwaka wa 22 sasa. Kuna wakati nilikuwa nakata jinzi kwa mkasi mdogo uliopungua makali, na mkono ukaanza kuniamsha hivyo hivyo. Sikuacha kazi, ningekula nini? Nilinunua mkasi mkubwa, nikaupeleka unolewe kila mwezi, maumivu yakapungua.

Nauliza: sindano yako ni ile nyembamba ya chuma tupu? Kitu chembamba mkono hukikaba bila wewe kujua. Chukua tyubu nyembamba ya mpira, kata kipande, kivishe mahali unaposhika, mpaka unene ufike kama wa kalamu ya kuandikia ubaoni. Na tazama mkono wa kushoto unavyouvuta uzi. Ukiona alama nyekundu kwenye kidole, unavuta mno.

Nyundo_na_Nyuzi (Jumatatu, saa 3:40 asubuhi)

Dada, sijui kufuma, najifunza gitaa kwa video, nyumba za Kawangware, na jirani wameshanizoea. Nilichokiona ni kwamba video haina mwisho. Mwalimu wa kweli angekuona unakunja uso, angesema weka chini tunywe chai. Simu yenyewe ikimaliza wimbo mmoja inaleta mwingine, na mimi naufuata. Nilikaa hivyo mpaka bega likakataa kuinuka.

Tena hiyo simu unaishika na mkono gani ukitazama? Mimi nilikuwa natazama nimelala, kifundo cha mkono kimekunjwa, nusu saa nzima kabla hata sijagusa gitaa.

Mtu_wa_Viungo (Jumatatu, saa 2:18 usiku)

Dada, pole. Nafanya tiba ya viungo upande wa Eastlands. Siwezi kukupima kupitia maandishi, ila nina swali moja ambalo jibu lake lina maana kubwa: kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa, nacho kinakufa ganzi?

MamaMwende_Umoja (Jumatatu, saa 3:02 usiku)

Hapana. Nimefikiria vizuri kabla ya kujibu. Cha mwisho kiko sawa kabisa. Cha pete ni upande mmoja tu, na nilidhani ninajidanganya.

Mtu_wa_Viungo (Jumatatu, saa 3:31 usiku)

Hujidanganyi. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni utepe mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa za kukunja vidole, na katikati yake neva moja. Neva hiyo ndiyo inayohudumia gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete upande wa gumba. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, haipiti humo. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, neva inabanwa. Usiku ndio mbaya kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja mikono kama watoto.

Nenda ukapimwe, usingoje. Mwambie daktari kuhusu kile kikombe, usikifiche. Ukianza kudondosha vitu, au ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua, hilo halisubiri. Omba pia wakupime sukari na tezi ya shingoni, maana kisukari na tezi iliyolegea huleta hali hii, na ujauzito pia. Mara nyingi tunaanza na banzi la kuvaa usiku, linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka, kwa wiki kadhaa. Lisiposaidia kuna sindano ya dawa, na kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe.

Kuhusu kufuma, mgonjwa wangu akiniambia kazi fulani inamtuliza roho, simwambii aitupe. Namwambia tuikate vipande. Dakika 20, weka chini, nyoosha vidole, tembea hadi jikoni, rudi. Na usisahau kompyuta ya kazini. Saa nane za kuandika risiti ni nyingi kuliko mbili za uzi, ila watu huona ya uzi tu kwa sababu haileti mshahara.

MamaMwende_Umoja (Jumamosi, wiki tatu baadaye, saa 2:50 usiku)

Nimerudi, na asanteni kutoka moyoni.

Nilienda. Daktari alinifanya nikutanishe migongo ya mikono, vidole vikitazama chini, nikae hivyo dakika nzima. Haikufika hata nusu, vidole vikaanza kuchoma. Sukari iko sawa, tezi iko sawa. Nikapewa banzi la usiku, na miadi ya kurudi baada ya wiki sita. Nyama ya gumba haijapungua, alisema nimekuja mapema. Nilitoka pale nikampigia mume wangu simu nikiwa bado kwenye ngazi.

Wiki ya kwanza banzi lilinikera, nililitoa usiku bila kujua nikaliona asubuhi sakafuni. Wiki ya pili nikaamka mara mbili tu. Wiki hii sijaamshwa hata mara moja, ukiacha Jumatano ambapo nilimaliza mahesabu ya mwisho wa mwezi.

Kaka wa gitaa, swali lako la simu lilinigonga. Nilikuwa naishika kwa mkono huo huo wa kulia, nimelala. Sasa nimeiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai juu ya meza, na Mwende ndiye mwenye kengele. Dakika 20 zikiisha ananinyang'anya uzi mwenyewe. Ana miaka tisa na hana huruma. Jana, akiwa ameushika, akaniuliza kama Susu, yaani bibi yake, alikuwa anapumzika pia. Nikamwambia Susu alikuwa akiinuka kila mara kwenda kuangalia mbuzi na kuchochea moto. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipolisema. Mama hakuwahi kukaa saa tatu mahali pamoja maisha yake yote.

Kazini nimeomba kibodi ishushwe, ilikuwa imeinuliwa juu ya katoni. Mwenye duka alikubali bila neno.

Nimefika kwenye kwapa la mkono wa kushoto wa sweta ya kijani, uzi wa Gikomba. Fundi, tyubu nimeivisha na inasaidia kweli, ila inateleza mkono ukitoka jasho. Ulibandika kwa gundi gani?

FundiKariobangi (Jumapili, saa 12:40 asubuhi)

Usiweke gundi, itakuharibia uzi. Itoe, ioshe kwa sabuni ndani na nje, kata nyingine nyembamba kidogo kuliko hiyo, uivute ikiwa bado ina povu. Iache usiku kucha ikauke. Itashika.