Kikundi cha Nyumba ya Ngamiani: amplifaya ya sebuleni

Dada Mwanaidi (Jumatatu, saa 1:10 usiku)
Asalaam alaykum ndugu zangu. Runinga mpya ya Baba imeshafungwa ukutani, lakini amplifaya inayoendesha spika tano na sabufa ni ileile ya mwaka 2008, na tangu fundi aondoke ni spika mbili tu zinazosikika. Napendekeza tununue amplifaya mpya kabla ya AFCON ya 2027, itakayochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, kwa kuwa wengi wetu tutakuwa Tanga. Orodha ya michango nitaiweka kesho.

Dada Mwanaidi (Jumanne, saa 2:40 asubuhi)
Ujumbe wangu umesomwa na watu kumi na mmoja na hakuna aliyejibu. Anayenyamaza nitamhesabu kuwa amekubali.

Mjomba Kombo (saa 3:05 asubuhi)
Mwanaidi, king'amuzi kimekwisha kulipiwa mwezi huu. Hicho cha pili ni cha nini?

Dada Mwanaidi (saa 3:06 asubuhi)
Shikamoo Mjomba. Si king'amuzi, ni ile mashine nyeusi iliyo chini ya meza, inayopokea sauti na kuzigawia spika.

Mjomba Kombo (saa 3:20 asubuhi)
Marahaba. Ile anayolala juu yake paka? Basi katika hiyo orodha muweke na fungu la godoro la paka, maana mimi ndiye niliyemleta nyumbani hapo.

Salim (saa 7:15 mchana)
Shikamoo Mjomba, shikamoo Dada. Paka huyo aondolewe leo, si mzaha, kwa sababu analala juu ya matundu ya kutolea joto, na joto ndilo linalokausha kapasita, yaani vipande vya ndani vinavyotunza umeme, za mashine kama hizi.

Kuhusu ununuzi, naomba tutenganishe picha na sauti kabla ya kuchanga. Amplifaya ya Baba ina HDMI, yaani tundu la waya mmoja unaobeba picha na sauti, ya toleo la 1.3, lililotoka mwaka 2006. Toleo hilo halikuundwa kwa picha ya 4K, yaani picha kali ya runinga za sasa, wala halina njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga, inayoitwa ARC, ambayo ilianza na toleo la 1.4 mwaka 2009. Fundi alipopitisha kisanduku cha filamu ndani ya amplifaya alipata kioo cheusi, kwa kuwa filamu nyingi za 4K hudai kinga ya HDCP 2.2, ya kuzuia filamu zisinakiliwe, katika kila chombo kilicho njiani, na chombo cha 2008 hakiifahamu kinga hiyo. Alichofanya baada ya hapo ni kuunga zile waya nyekundu na nyeupe, ambazo hupeleka sauti ya kushoto na ya kulia peke yake.

Hata hivyo, hakuna kinacholazimisha picha ipite kwenye amplifaya. Kisanduku kichomekwe moja kwa moja kwenye runinga, kisha waya wa mwanga utoke nyuma ya runinga upeleke sauti tu. Waya huo unabeba Dolby Digital, yaani sauti iliyobanwa, ya njia tano na sabufa. Tutakachokosa ni sauti zisizopunguzwa za diski za Blu-ray, na katika nyumba ile sijawahi kuona diski ya Blu-ray hata moja.

Dada Mwanaidi (saa 7:22 mchana)
Salim, tunataka kusonga mbele, siyo kufunga viraka. Amplifaya za sasa zina Dolby Atmos, yaani sauti inatoka hata juu.

Mjomba Kombo (saa 7:30 mchana)
Juu ya dari ile kuna popo, na hao hawajawahi kuhitaji umeme.

Idrisa (saa 11:50 jioni)
Shikamooni wakubwa. Huku Minneapolis kuna amplifaya nzuri yenye HDMI 2.1 na eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, na bei imeshuka kwa sababu toleo jipya limetoka. Naweza kuinunua mimi na kuituma, kisha mkanirudishia nusu.

Salim (saa 12:04 jioni)
Kaka Idrisa, soma kwanza kibandiko cha nyuma. Zinazouzwa huko kwa kawaida hukubali volti 120 tu, na hapa umeme wetu ni volti 230, hivyo itaungua siku ya kwanza isipowekewa transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa. Ikibidi kuagiza nje, ni heri Dubai, ambako volti zinalingana na zetu.

Hamisi (saa 2:15 usiku)
Nimechelewa kusoma. Mimi sina neno na amplifaya, ila kabla sijatoa mchango wa kitu kingine chenye plagi ningependa kuona hesabu ya jenereta.

Dada Mwanaidi (saa 2:16 usiku)
Hesabu ya jenereta niliisoma mbele ya watu, na wewe hukuwepo kwa sababu unazozijua.

Hamisi (saa 2:18 usiku)
Nilikuwepo, na kilichosomwa ni nusu.

Rehema (saa 2:40 usiku)
Samahanini wazazi wangu. Babu ameomba simu yangu, yanayofuata ni maneno yake.

Rehema (saa 2:47 usiku)
Ninasomewa yote mnayoandika, hata la jenereta, ambalo nilidhani lilikwisha. Amplifaya hii niliinunua kwa kiinua mgongo changu, na mpaka sasa hakuna aliyeniuliza kama inanitosha. Ninachotaka ni kumsikia msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili. Spika ya katikati haijatamka neno tangu runinga hii iletwe, na muziki unayameza maneno yake. Msichangishane kwa jina langu.

Dada Mwanaidi (saa 3:25 usiku)
Shikamoo Baba. Tumesikia.

Salim (saa 3:31 usiku)
Shikamoo Baba. Nadhani spika ya katikati ni nzima. Sauti ya njia mbili ikiingia na amplifaya ikiachwa kwenye hali ya stereo, spika hiyo hunyamazishwa. Rehema, tafuta kwenye rimoti kitufe cha kubadilisha hali ya sauti, ukibonyeze mpaka yatokee maandishi ya Pro Logic II, yaani hali ya kuzigawia spika zote sauti ya njia mbili, na maneno ya msomaji yatahamia katikati. Jumamosi nitatoka Muheza na waya wa mwanga, nami nitaongeza desibeli chache kwenye spika hiyo. Isipolia, nitazima mashine na kuiunga spika nyingine kwenye tundu lake, ndipo tutajua kilichokufa ni spika au ni amplifaya.

Dada Mwanaidi (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)
Basi Salim aende Jumamosi. Orodha sijaifuta, nimeisimamisha tu, na waliokwisha kutuma fedha zao ziko salama.

Hamisi (saa 1:41 asubuhi)
Ni nani waliokwisha kutuma?

Idrisa (saa 3:10 asubuhi)
Nimetoka kazini sasa hivi na ndiyo kwanza nasoma. Ile amplifaya nilikuwa nimeshailipia mchana, kabla ya ujumbe wa Salim, na kibandiko chake kinasema volti 120 kama alivyoeleza. Duka linakubali kurudishiwa, lakini naomba jibu mapema.

Dada Mwanaidi (saa 3:12 asubuhi)
Usiirudishe kwanza. Salim, transfoma ni bei gani?