Tupeane uzoefu: katuni ya familia uliyokua nayo ilikubadilikia lini?

WinoMkavu (mleta uzi)
Wakuu, jana nikiwa napanga rafu ya vitabu nilishika juzuu la Peanuts za mwanzo kabisa, zile katuni za gazetini za mtoto Charlie Brown na mbwa wake Snoopy. Nikakaa sakafuni palepale. Snoopy anatembea kwa miguu minne, hasemi wala hawazi, kambwa tu. Mimi niliyemjua ni yule wa kulala chali juu ya paa la kibanda chake na kupiga taipu. Na utani ulikuwa mkali! Katuni ya kwanza, ya tarehe 2 Oktoba 1950, mtoto anamsifu Charlie Brown akiwa anapita. Akishatokomea tu, anasema anavyomchukia.

Nikashika juzuu la miaka ya 1990. Mstari unatetemeka. Sogeza macho karibu na mviringo wa kichwa cha Charlie Brown uone wino unavyopanda na kushuka. Mkono wa mchoraji wake, Charles Schulz, ulikuwa na tetemeko tangu miaka ya 1980, ila kalamu hakumwachia mtu. Katuni ya mwisho ilitoka Jumapili tarehe 13 Februari 2000, na yeye alifariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikakumbuka saini za marehemu baba kwenye barua zake za mwisho, mkia wa herufi ulivyokuwa ukipotea njia. Sikuendelea kupanga vitabu.

Nanyi ilikuwaje?

MamaPacha
Umenigusa. Saini ya mama yangu nayo ilikuwa hivyohivyo.

Kibonzo77
Mimi ni wa Blondie, katuni ya Blondie na mumewe Dagwood. Nilikua nikijua mambo matatu tu ya Dagwood: sandwichi refu kama mnara, usingizi wa kwenye kochi, na kumvaa mpeleka barua mlangoni asubuhi. Nilipopata katuni za 1930 nilidhani nimekosea kitabu. Blondie ni msichana wa dansi, Dagwood ni mtoto wa tajiri wa reli, na waliposhupalia kuoana mwaka 1933 wazazi wa Dagwood wakamnyima urithi. Yaani ule uchovu wake wa kazini wote una chanzo, kumbe jamaa alichagua mke akaacha mali! Tangu siku hiyo kila akigombezwa na bosi namwonea huruma. Ila watoto wao walikua wakafika ujana, wakagota hapo miaka nenda rudi.

Nukta_Moja
Tatizo la Blondie ni kurithishana kalamu. Chic Young aliyeianzisha alifariki 1973, mwanawe Dean akashika. Katuni ni mwandiko wa mtu, mwandiko haurithiwi. Bill Watterson alimaliza katuni yake Calvin and Hobbes tarehe 31 Desemba 1995, baada ya miaka kumi, nguvu zikiwa bado zipo. Ndivyo inavyotakiwa.

Kibonzo77
Mkuu, chini ya huyo Dean ndiko Blondie alikofungua biashara yake ya upishi mwaka 1991. Angeachwa jikoni kwake kumpikia mumewe hadi leo? Na The Family Circus je? Jeff Keane anayeichora ndiye aliyekuwa kielelezo cha Jeffy, yule mtoto mdogo ambaye Bil, baba yake, alikuwa akimchora. Mtu aliyekulia ndani ya katuni utamwambia hana haki nayo?

Nukta_Moja
Haki anayo. Mimi nasema mkono.

Kibonzo77
Mkono unafundishika.

Nukta_Moja
Kunakili unafundishika.

MtoWaKale
Samahani wakuu nawakatiza, sijawahi kuandika humu jambo refu.

Yetu ilikuwa For Better or For Worse ya Lynn Johnston, yule mama wa Kanada. Alianza 1979, na watu wake walizeeka kadiri sisi tulivyokua. Mwanzoni ni mistari ya harakaharaka, pua za duara, mama kachoka, watoto wanamwaga vitu, unacheka unafunga. Taratibu michoro ikajaa: vivuli, majani ya miti, mikunjo ya nguo. Na vicheko vikapungua.

Mwaka 1995 mtoto mdogo, April, anaanguka mtoni. Mbwa wa nyumbani, Farley, ameshazeeka, anajitosa na kumshikilia kichwa kisizame mpaka wanaokolewa. Mtoto anapona. Mbwa anakufa.

Nilipokuwa na miaka minne nilitumbukia mtoni. Kaka yangu alijitosa akiwa hajui kuogelea vizuri. Ninachokumbuka ni maji ya rangi ya udongo na vidole vyake vimeng'ang'ania ukosi wa shati langu, unanikaba. Tulitolewa sote wawili. Yeye aliugua kifua majuma mengi baada ya hapo. Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa, nami sikuwahi kumshukuru. Miaka mingi baadaye nimekaa peke yangu nafungua kitabu, nakutana na kile kisanduku: maji yamechorwa kwa mistari mingi mieusi, vichwa viwili juu yake. Nilitoka nje. Ule mchoro wa mwanzo, wa pua za duara, usingeweza kubeba maji yale. Alibadilisha mkono kwa sababu alihitaji mto uwe mto.

MamaPacha
Nalia huku. Kaka yuko wapi sasa?

Kibonzo77
Pole sana ndugu yangu. Mpigie leo.

Nukta_Moja
Usimvamie ghafla na jambo la miaka yote hiyo, mtu mzima utamtia aibu. Mtumie ukurasa tu.

BintiWaSita
Pole sana. Ila nasema ukweli wangu, baada ya mbwa yule mimi nilichoka. Kila mwezi machozi, na mwishoni Elizabeth, binti wa familia ile, akaozeshwa Anthony, wasomaji wengi tukanuna. Halafu hadithi ilipofika mwisho mwaka 2008 Johnston akarudi mwanzo kabisa, mingine ikiwa michoro mipya iliyoigiza ya zamani. Ile ndiyo iliniuma. Watoto niliowaona wanaoa nikawakuta tena kwenye nepi, na mstari ule mwepesi haukurudi.

WinoMkavu
Kwa hiyo anayetaka kuisoma leo aanzie wapi?

BintiWaSita
1985, aishie 1995.

Kibonzo77
Mwanzo kabisa, asiruke hata moja. Bila vichekesho vya miaka kumi mbwa yule ni mbwa tu.

MamaPacha
Aanze na leso.

MtoWaKale
Nimemtumia ukurasa. Amekaa nao karibu saa nzima, kisha ameandika: "Yule mbwa alikuwa mzee. Mimi nilikuwa na miaka 11." Sasa hivi simu yangu inaita.